House of the Dragon: kwa nini kila uovu mkubwa unageuzwa kuwa bahati mbaya?

Kipanga Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu unahusu misimu miwili ya kwanza ya House of the Dragon, tamthilia ya ukoo wa kifalme wa Targaryen, wapanda majoka, na vita vya Rhaenyra, binti wa Mfalme Viserys, na ndugu yake wa baba mmoja Aegon vya kugombea kiti cha enzi. Nitayataja matukio yake waziwazi pamoja na miisho yake, kwa hiyo ambaye bado anaitazama na hapendi kupunguziwa uhondo ni vyema akaishia hapa.

Ninaipenda tamthilia hii, na malalamiko yangu yanatokana na mapenzi hayo. Ina waigizaji hodari, muziki wa Ramin Djawadi haujanichosha hata mara moja, na kila joka limepewa umbo na hulka yake kiasi kwamba mtazamaji makini hahitaji kutajiwa jina lake. Tatizo ninaloliona liko kwenye uandishi, na ni lilelile linalojirudia: mhusika anapofika mahali ambapo anatakiwa kutenda uovu kwa kukusudia, uovu ambao ndio utakaoibeba hadithi yote inayofuata, waandishi wanamtoa mhusika huyo kwenye hatia na kutuletea ajali. Mwana wa mfalme hakumwua mpwa wake, bali joka lake lilimshinda nguvu. Malkia hakupanga kumnyang'anya binti wa mumewe kiti cha enzi, bali aliyaelewa vibaya maneno ya mgonjwa. Askari wa kifalme hakukusudia kumwua mzee wa baraza, bali alimkalisha kwa nguvu mno na kichwa cha mzee kikagonga mpira wa jiwe uliokuwa mezani. Ukiyapanga matukio hayo kwa mfululizo unapata vita vilivyouteketeza ukoo wa Targaryen ambavyo, kwa kadiri tulivyoonyeshwa, hapakuwa na mtu aliyevitaka.

Tuanze na lile la Storm's End, ngome ya akina Baratheon, katika sehemu ya kumi ya msimu wa kwanza iliyorushwa tarehe 23 Oktoba 2022. Lucerys Velaryon, kijana mdogo, ametumwa na mama yake Rhaenyra kumkumbusha Borros Baratheon kiapo cha baba yake. Anapoingia ukumbini anamkuta Aemond, mjomba wake, ambaye yeye Lucerys alimtoboa jicho walipokuwa watoto. Aemond anadai alipwe jicho kwa jicho, Borros anakataa damu isimwagike chini ya paa lake, na kijana anaondoka na joka lake dogo Arrax katikati ya dhoruba huku Vhagar, joka kubwa kuliko yote yaliyo hai, likimfuata juu ya mawingu. Mpaka hapo ni uandishi mzuri mno. Halafu Arrax linakataa amri na kutema moto, Vhagar linaghadhibika, Aemond anapiga kelele akilizuia, na joka hilo linamtafuna mtoto pamoja na mnyama wake. Tamthilia inatuachia uso wa Aemond uliojaa hofu.

Katika Fire & Blood, kitabu cha George R. R. Martin cha mwaka 2018 ambacho ndicho chimbuko la tamthilia, mambo si hivyo. Binti mmoja wa Borros anamkejeli Aemond mbele ya watu, Borros anasema kwamba yanayotendeka nje ya ukumbi wake si shughuli yake, na Aemond anatoka akijua anakokwenda na anakwenda kufanya nini. Anaporudi nyumbani kaka yake Mfalme Aegon anamwandalia karamu. Karamu hiyo inatisha kuliko dhoruba yote, kwa sababu inatuonyesha familia iliyomkumbatia muuaji wake.

Najua wengi watasema kwamba uso ule wa Ewan Mitchell una thamani kuliko karamu. Ni uso mzuri, sikatai, lakini angalieni gharama yake katika msimu wa pili. Katika sehemu ya pili Aemond analala mapajani mwa mwanamke wa danguro akikiri kwamba anajutia jambo lile na kwamba siku ile hasira ilimtawala. Sehemu mbili baadaye, katika mapigano ya Rook's Rest, anaiamuru Vhagar kwa kinywa chake imwage moto mahali alipo kaka yake mwenyewe. Mtu aliyepiga kelele za kumwokoa mpwa aliyemchukia anamchoma ndugu wa tumbo moja kwa makusudi, na katikati hatukupewa ngazi ya kupandia. Kama angemwua Lucerys kwa kutaka, Rook's Rest ingekuwa hatua ya pili ya safari inayoeleweka.

La pili ni Malkia Alicent kando ya kitanda cha mumewe Viserys katika sehemu ya nane ya msimu wa kwanza. Mfalme mgonjwa anadhani anazungumza na Rhaenyra, anataja ndoto ya Aegon Mshindi, mfalme wa kwanza wa ukoo huo, na Alicent anasikia jina la mwanawe Aegon. Kesho yake anaingia barazani na ujumbe huo na kugundua kwamba baba yake Otto pamoja na wenzake walikwisha kupanga mapinduzi siku nyingi bila kumshirikisha. Kwa hiyo malkia amepokonywa uovu wake na pia akili yake: si mporaji, na wala hajui kwamba uporaji unaendelea chumba cha pili. Alicent wa kitabuni ni mwanamke anayejua anachokitaka, ambaye mwili wa mumewe haujazikwa naye yuko mezani na wakuu wa baraza.

Kifo cha Laenor Velaryon, mume wa Rhaenyra, nacho ni kioja. Katika kitabu anauawa na watu wanamshuku Daemon, ami yake Rhaenyra. Katika tamthilia Rhaenyra na Daemon wanamsaidia kutoroka kwa mashua ili wapate kuoana, na sisi tunapumua kwa kuwa mikono ya Rhaenyra ni safi. Maiti iliyochomwa badala ya Laenor ilitoka wapi? Daemon alimvunja shingo mtumishi mmoja asiye na jina. Huyo hakuliliwa na yeyote, wala hakutajwa tena. Waandishi wamemlinda shujaa wao asiwe na hatia kwa kumwua mtu ambaye walitumaini hatutamhesabu.

Ninauliza basi: je, ni mimi tu ninayeona kwamba tamthilia inaogopa kuwaacha watu inaowapenda wawe wabaya?

Mzee wa Kumbukumbu

Mkuu Kipanga, hoja yako imepangwa vizuri, lakini umekichukulia kitabu kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. Fire & Blood imeandikwa kwa mtindo wa historia, na msimulizi wake, Maester Mkuu Gyldayn (maester ni msomi na tabibu), anakusanya masimulizi ya watu waliopingana: Septon (kasisi) Eustace anayeegemea upande wa Aegon, Mushroom mchekeshaji aliyekuwa upande wa Rhaenyra na ambaye hadithi zake zimejaa uchafu, na Munkun aliyeandika baada ya mambo kupoa. Kifo cha Beesbury, yule mzee wa baraza, unachokilalamikia kina zaidi ya toleo moja kitabuni, kuanzia kukatwa koo barazani, kutupwa dirishani, hadi kufia gerezani kwa baridi. Juu ya bahari ya Storm's End hapakuwa na shahidi yeyote aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia amri ya Aemond. Kitabu kinatuambia watu walivyoamini. Tamthilia inadai kutuonyesha yaliyotokea. Na kama ilitokea kwamba muuaji hakukusudia, lakini dunia nzima ikaamini alikusudia, naye akaona ni heri kuogopwa kuliko kuchekwa, hapo umepata tanzia nzito zaidi ya muuaji wa kawaida.

La pili, jambo la Vhagar halikuchomekwa mwishoni kama kiraka. Katika sehemu ya kwanza kabisa Viserys anamwambia Rhaenyra kwamba dhana ya kuwa wao wanayatawala majoka ni ndoto tu. Maneno hayo yalipandwa mapema, na miaka mingi baadaye ya hadithi yakaota juu ya Storm's End. Ukiondoa ajali hiyo, unayaondolea majoka maana yake yote, kwa sababu yatabaki kuwa farasi wenye mabawa.

Na la tatu, si kweli kwamba watu wa tamthilia hii hawatendi kwa kukusudia. Aegon anawanyonga wakamata panya wote wa kasri kwa kosa la mmoja wao, na unaona waziwazi jinsi kitendo hicho kinavyoharibu jina lake mjini. Criston Cole, yule askari aliyemwua Beesbury, anamtuma askari mwenzake Arryk akaingie Dragonstone, ngome ya Rhaenyra, kwa kujifanya ndugu yake pacha, na sisi tunajua sababu: usiku ule mtoto wa Aegon anachinjwa, Cole alikuwa kitandani kwa malkia badala ya kuwa lindoni. Anamtuma mwenzake akafe ili asiitazame aibu yake. Huo ni uovu wa kuchaguliwa, na umeandikwa vizuri sana.

Binti Sayari

Shikamoo Mzee wa Kumbukumbu, na wewe Kipanga habari. Ningependa kuongeza jambo ambalo linawahusu nyote wawili, nalo ni kifo cha Malkia Aemma katika sehemu ya kwanza. Kitabu kinasema tu kwamba alifariki akijifungua. Waandishi wa tamthilia ndio waliomweka Viserys mbele ya uamuzi: mkunga na maester wameshindwa, mama na mtoto watakufa wote wawili, ila ikiwa tumbo litapasuliwa huenda mtoto akapona. Viserys anakubali, anamshika mkewe mkono, hamwambii kitu, na Aemma anafahamu kinachokuja pale wanaume wanapomshika miguu. Mtoto naye anakufa siku hiyohiyo. Kila kitu cha Viserys baada ya hapo, kuanzia kumtangaza binti yake kuwa mrithi hadi kukataa kumwondoa kwenye urithi hata alipopata mtoto wa kiume, kinatoka katika chumba kile. Kwa hiyo waandishi hawa wanajua kabisa kumbebesha mtu hatia yake, hata pale kitabu hakikuwaomba.

Sasa kuhusu Alicent. Kipanga, umesema alisikia vibaya, ukaishia hapo. Mimi ninadhani alisikia kile alichokuwa akikitafuta. Otto alipofukuzwa kazi alimwonya binti yake kwamba siku Rhaenyra atakapokalia kiti cha enzi, watoto wa Alicent hawatakuwa salama. Aliishi na maneno hayo miaka kumi na zaidi. Usiku ambao mgonjwa aliyelewa dawa ya usingizi anataja jina Aegon, jina ambalo ukoo ule umelitumia vizazi na vizazi, mwanamke huyu hakuuliza swali hata moja la kuhakikisha. Mtu anayetaka ukweli huuliza. Yeye alilichukua neno moja na kukimbia nalo, kwa sababu sasa alikuwa na ruhusa ya kufanya jambo ambalo angelifanya kwa vyovyote huku akiendelea kujiona mcha Mungu.

Ushahidi wangu ni sehemu ya tatu ya msimu wa pili, ambapo Rhaenyra anajipenyeza hadi mji mkuu, King's Landing, kwa mavazi ya watawa na kukutana naye hekaluni. Rhaenyra anamweleza ni Aegon yupi aliyekusudiwa. Uso wa Olivia Cooke unaonyesha kwamba ameelewa palepale. Anajibu kwamba muda umekwisha, kisha anaondoka. Kuanzia dakika hiyo hana tena kisingizio cha kusikia vibaya, anaujua ukweli wote, na bado anarudi kwenye upande uliojengwa juu ya uongo. Kama mnatafuta uovu wa makusudi wa Alicent, upo pale, umevaa mtandio na kushika mshumaa.

Nitaongeza pia kwamba kuwafanya Alicent na Rhaenyra kuwa marafiki wa rika moja, wakati kitabuni Alicent ni mkubwa kwa takriban miaka 9, ndiko kulikozaa uwezekano wa tukio hilo. Bila urafiki ule, mkutano wa hekaluni ungekuwa mazungumzo ya wanadiplomasia.

Fasihi Huru

Nimesoma michango yote na ninashangaa kwamba jina la Helaena, mke wa Mfalme Aegon, halijatajwa, ilhali yeye ndiye kielelezo cha jambo hili lote.

Kitabuni wauaji wawili, Blood na Cheese, wanaingia chumbani na kumpa Helaena chaguo: ana wana wawili wa kiume, Jaehaerys na Maelor, na lazima ataje yupi afe, la sivyo watauawa wote. Anamtaja Maelor, aliye mdogo asiyeelewa kitu. Wauaji wanamwua Jaehaerys, na mama anabaki na mtoto aliye hai ambaye alimtaja kwa kifo. Hawezi kumtazama tena mtoto huyo usoni, na akili yake inaharibika. Ni moja ya kurasa katili kuliko zote alizowahi kuandika Martin, na ukatili wake hauko kwenye kisu.

Katika tamthilia Maelor hayupo. Helaena ana mapacha, mvulana na msichana, na wauaji wanataka kujua tu yupi ni mvulana. Anawapa mkufu wake, wanaukataa, ananyoosha kidole, anamchukua binti yake na kuondoka. Hakuchagua chochote. Alijibu swali ambalo wauaji wangeweza kulijibu wenyewe kwa kufunua shuka. Phia Saban aliigiza kwa ustadi mkubwa, ukimya wake ulinipata, lakini kilichobaki ni mama aliyeonewa, na huzuni yake haiwezi kuongezeka wala kugeuka kuwa kitu kingine kwa kuwa haina mwiba wa kujilaumu ndani yake. Martin mwenyewe aliandika makala kwenye blogu yake mwezi Septemba 2024 akieleza kwamba kumwondoa Maelor kunadhoofisha tukio hilo na kunavuta pamoja nalo mambo mengine yanayokuja baadaye. Makala hayo yaliondolewa muda mfupi baada ya kuchapishwa, lakini waliowahi kuyasoma waliyasoma.

Jambo la pili linamhusu Daemon usiku huohuo. Anawakodi watu wawili wamwue Aemond. Mmoja wao anauliza wafanye nini wasipompata. Kamera inakata. Hatukusikia jibu. Sehemu inayofuata Rhaenyra anamkabili, Daemon anakana kwamba aliagiza mtoto auawe, na mtazamaji hana njia ya kujua. Mzee wa Kumbukumbu ataniambia kwamba huo ni utata wa kisanaa. Mimi ninaona tofauti. Utata wa kisanaa ni pale ambapo tumeona kila kitu na bado hatukubaliani kuhusu maana yake, kama tulivyoona kwa Viserys na Aemma. Hapa tumefungiwa mlango ili Daemon aendelee kupendwa na nusu ya watazamaji waliovutiwa na Matt Smith.

Katika masimulizi yetu ya pwani mwana wa Liyongo anamwuliza baba yake siri ya kifo chake, anaipata, anasubiri alale, kisha anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Masimulizi yanasema kwamba alisitasita. Anaogopa, anaahirisha, anarudishwa na waliomtuma kwa ahadi za cheo. Lakini mwisho wa yote anaishika sindano mwenyewe. Hebu fikirini hadithi hiyo ikisimuliwa kwamba mtoto aliteleza gizani na sindano ikaingia kwa bahati mbaya. Pangekuwa na nini cha kusimulia tena kuhusu Liyongo kupiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wa mji kuogopa kuchota maji?

Mla Mihogo

Nitakuwa mfupi. Sababu ni muda. Msimu wa kwanza uliibana miaka takriban 20 ndani ya sehemu 10, hata waigizaji wakabadilishwa katikati. Msimu wa pili ukapewa sehemu 8 tu. Kujenga sababu za mtu kuua kunahitaji vipindi vitatu au vinne, wakati ajali inahitaji dakika moja. Hata hivyo, waliokuwa na uhaba wa muda ndio waliotuweka kwenye ngome ya Harrenhal na ndoto za Daemon wiki baada ya wiki, mara mama yake, mara Rhaenyra kijana akishona kichwa cha mtoto, kwa hiyo huruma yangu kwao ina mipaka.

Jirani Mwema

Mimi nina dhana nyingine, na ninaitaja kama dhana tu. Tarehe 12 Mei 2019, katika sehemu ya tano ya msimu wa nane wa Game of Thrones, tamthilia iliyotangulia hii, Daenerys Targaryen aliuchoma mji wa King's Landing baada ya kengele za kusalimu amri kulia. Hasira za watazamaji zilikuwa kubwa, na zaidi ya watu milioni moja walitia saini mtandaoni kutaka msimu mzima uandikwe upya. Anayeandika hadithi nyingine ya ukoo uleule baada ya tufani kama ile lazima anaandika huku akitazama begani. Huenda ndiyo maana kila Targaryen tunayetakiwa kumpenda amepewa wakili wa utetezi.

Lakini kama dhana yangu ni ya kweli, basi somo lilisomwa kinyume. Kilichowaudhi watu hakikuwa kwamba Daenerys alitenda uovu. Alikwisha kuwasulubisha mabwana 163 katika mji wa Meereen, alikwisha kuwachoma akina Tarly baba na mwana, na dalili zilikuwepo kwa anayetaka kuziona. Kilichowaudhi ni kwamba pale kengele zilipolia, kamera ilimtazama kidogo, kisha ikaondoka na kutuacha barabarani na wanaokimbia, na kwa muda wote uliobaki tukaona joka tu. Uamuzi mkubwa kuliko yote katika misimu minane ulifanyika mtu akiwa ametugeuzia mgongo. Watazamaji walitaka kukaa naye ndani ya uovu ule wauelewe. Sasa tamthilia hii inatupa nyuso nyingi za karibu zenye machozi na majuto, ila uamuzi wenyewe haupo.

Kipanga Mweusi (mwanzisha uzi)

Ninawashukuru kwa michango mizito. Nitajibu machache.

Mzee wa Kumbukumbu, ninakubaliana nawe kwamba kitabu ni kumbukumbu za wanaopingana, na ndiyo maana sidai kwamba tamthilia imekosea ukweli. Ninachouliza ni kwa nini mapengo ya kumbukumbu hizo yanazibwa kwa mwelekeo mmoja. Beesbury ana vifo vitatu kitabuni. Waandishi wakatunga cha nne, na hicho cha nne ndicho pekee ambacho Cole anaweza kusema hakukusudia. Kuhusu Aegon na wakamata panya, angalia ni nani anayeruhusiwa kutenda kwa makusudi: ni yule ambaye tamthilia ilikwisha kutuonyesha mapema kwamba ni mlevi na mbakaji. Dhambi za kukusudia wanapewa ambao tulikwisha kuwachukia. Rhaenys, binamu wa Viserys, anapasua sakafu ya Dragonpit, jengo la majoka, akiwa juu ya joka lake Meleys, watu wa kawaida wanakufa chini ya mawe kwa wingi, kisha anasimama mbele ya akina Hightower, ukoo wa Alicent, na kuacha kuwachoma, na tunatakiwa tuondoke na kumbukumbu ya huruma yake.

Binti Sayari, hoja yako ya hekaluni ndiyo iliyonifikirisha kuliko zote. Ninakubali kwamba Alicent anachagua pale. Hata hivyo angalia kinachofuata: anarudi, na badala ya kuwa mlinzi mkali wa uongo alioujua, anaondolewa barazani na mwanawe, anakwenda kuelea ziwani, na anatumia muda uliobaki akitazama wengine wakitenda. Uamuzi ulifanyika kisha haukupewa kazi.

Linganisha na Rhaenyra katika sehemu ya saba ya msimu wa pili. Alikwisha kumwona askari wake Steffon Darklyn akiteketezwa na joka Seasmoke mbele ya macho yake, kwa hiyo alijua bei ya jambo analolifanya. Bado anawaita wana wa nje ya ndoa wa ukoo wake kutoka mjini, watu maskini waliokuja kwa matumaini, anawaingiza kwenye pango la joka Vermithor, na wengi wao wanaungua ili apatikane mmoja anayefaa kulipanda. Huyo ni malkia ambaye anaanza kufanana na hofu ambazo adui zake walizieneza, na hakuna joka lililoasi amri hapo, hakuna jina lililosikika vibaya. Nilipoitazama sehemu ile nilisema hatimaye wamethubutu.

Kisha ikaja sehemu ya nane. Alicent anasafiri hadi Dragonstone na kuahidi kuufungua mji. Rhaenyra anamwambia kwamba hawezi kuupokea mji na kumwacha Aegon hai, na anamtaka mama akubali mwanawe auawe. Alicent anakubali. Mimi nilisimama. Hapo palikuwa na kila kitu ninachokililia katika uzi huu, wanawake wawili chumbani na uamuzi usiorudishika. Halafu dakika chache baadaye tunaonyeshwa Larys, mjumbe wa baraza, akimtorosha Aegon ndani ya mkokoteni, tayari wako njiani. Mtoto aliyeuzwa hayupo sokoni. Waandishi walikwisha kufungua mlango wa nyuma kabla hata mama hajasema ndiyo.

Binti Sayari

Kipanga, hapo ndipo tunapoachana. Mkokoteni wa Larys tunaujua sisi. Alicent alipokubali alidhani mwanawe amelala kitandani na majeraha yake ya moto, asiyeweza hata kusimama, na akakubali hivyohivyo. Aemond angeweza kusema kwamba Vhagar lilimshinda. Alicent atamwambia nani kwamba kitu fulani kilimshinda? Iwapo Aegon ataokoka, mama huyu atabaki na mtoto aliye hai ambaye alimtaja kwa kifo, na kama nimemwelewa vizuri Fasihi Huru, hicho ndicho kitu alichokitafuta kwa Helaena na kukikosa. Mimi ninaona waandishi walikihamisha kutoka kwa mke wa mfalme wakakipeleka kwa mama yake, ila walimpa mtu aliyeingia chumbani kwa miguu yake na ambaye hakushikiwa kisu.

Fasihi Huru

Dada Binti Sayari, hilo sikuliona. Bado ninamtaka Maelor wangu, lakini nitairudia sehemu ya nane wikendi hii nikiwa na macho hayo. Jambo moja tu ninalolishikilia: kama kweli walikusudia kuhamisha mzigo huo, basi Aegon ni lazima ajue siku moja kwamba mama yake alisema ndiyo, na ajue kutoka kinywani mwake. Wakimwacha asijue, Kipanga atakuwa ameshinda.